Daftari Linapohamia Kwenye Simu: Hakikisha Mzee Wako Yumo



Ukizihesabu nyumba za mtaa wako, hutakosa nyumba yenye mtu mzima asiyeweza kwenda mwenyewe kituo cha afya. Ni bibi mwenye presha ambaye magoti yamemshinda. Ni baba aliyepata kiharusi na upande mmoja wa mwili hausikii. Ni mama wa makamo mwenye kifafa, ambaye ndugu zake wanaogopa kumwacha karibu na moto. Ni kijana aliyepoteza mguu kabla hamjavuka mpaka. Watu hawa hawalazwi hospitalini. Wanatunzwa nyumbani na wewe, na mkeo, na binti yenu aliyeacha shule kwa ajili hiyo. Mara kwa mara anapita mhudumu wa afya wa kijiji, yule ambaye wengi mnamwita VHT, kuwajulia hali, kuuliza dawa, na kuandika.

Alikuwa akiandika katika daftari. Kwa sasa Wizara ya Afya ya Uganda imekuwa ikiingiza, wilaya kwa wilaya, mfumo wa kielektroniki wa afya ya jamii, ambao VHT anashika simu mahali pa daftari. Mashirika ya afya yanayohudumia wakimbizi katika nchi mbalimbali nayo yana programu zao za simu na tabuleti. Katika makala haya tunapenda kukufahamisha programu hizi zinafanya kazi gani, zinashindwa wapi, na hasa wewe unayemtunza mtu nyumbani unatakiwa kufanya nini ili mtu wako asipotee katikati ya daftari la zamani na simu mpya. Siku ya kuhama ndiyo siku vitu hupotea. Mmehama zaidi ya mara moja, mnalijua hilo kuliko sisi.

Daftari lilivyofanya kazi

Mpango wa VHT ulianzishwa na Wizara ya Afya mwaka 2001. Ni watu wa kujitolea wanaochaguliwa na wanakijiji wenzao. Katika makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, wako wengi ambao ni wakimbizi kama wewe, wanaosema lugha yako na kupanga foleni moja nawe kwenye maji.

Daftari lao tusilidharau. Halihitaji chaji, halihitaji mtandao, na mwizi hana haja nalo. VHT mzoefu ana daftari la pili kichwani: anajua kwamba kwa mzee fulani lazima upige hodi kwa nguvu kwa sababu hasikii, na kwamba kwa mama fulani usiende asubuhi kwa kuwa yuko shambani. Mambo hayo hayajapata kuandikwa popote, na kazi imeenda.

Shida ya daftari ni kwamba liko moja tu. Likinyeshewa, limekwisha. VHT akipata safari ya kwenda Canada au Marekani, au akihamia Kampala kutafuta maisha, daftari linabaki chini ya kitanda, na anayemrithi anaanza kuuliza nyumba kwa nyumba upya. Shida nyingine ni kubwa zaidi ingawa haionekani. Daftari linaonyesha vizuri nani alitembelewa. Nani hakutembelewa, halionyeshi. Ili kujua kwamba bibi wa nyumba ya mwisho hajaonwa tangu miezi mitatu, inabidi mtu afungue kurasa zote, alinganishe majina na tarehe, kisha akumbuke nani hayumo. VHT wa kujitolea, mwenye watoto wake na shamba lake, atapata wapi saa hiyo?

Kuhesabu si kufuatilia

Vituo vya afya vya Uganda vimekuwa vikituma taarifa zao kwa kompyuta nchi nzima tangu mwaka 2012. Kwa hiyo usidhani kompyuta ni jambo geni katika afya. Lakini taarifa zile ni za hesabu: malaria wangapi mwezi huu, wajawazito wangapi, presha wangapi. Hesabu inasaidia kuagiza dawa. Haimjui bibi yako. Akija mara tatu ni namba tatu, asipokuja kabisa ni sifuri, na sifuri hailii.

Programu mpya ya VHT ni ya namna nyingine, kwa sababu inafuata mtu kwa jina lake. Kwa kawaida kazi inakwenda hivi. Kwanza VHT anaandikisha nyumba: mahali ilipo, nani anaishi humo. Halafu anafungua ukurasa wa mtu anayehitaji uangalizi: jina, umri, jinsia, ugonjwa au ulemavu alio nao, dawa anazotumia, nani anayemtunza. Akimaliza, programu inapanga tarehe ya kumtembelea tena. Tarehe hiyo ikifika, jina linatokea kwenye orodha ya siku. Ikipita bila kutembelewa, jina linabaki juu ya orodha, mara nyingi kwa rangi nyekundu, mpaka mtu aende. VHT akimpa mgonjwa rufaa, programu inangoja jibu kwamba alifika kituoni. Asipofika, inamkumbusha VHT kurudi nyumbani kuuliza sababu.

Mtandao ukikosekana, ambalo ni jambo la kila siku katika vijiji vingi vya mbali na barabara, programu zilizotengenezwa kwa kazi hii haziachi kufanya kazi. Zinatunza maandishi ndani ya simu, na VHT anapofika mahali penye mtandao yanatumwa. Ndiyo maana ukimwona amesimama juu ya kichuguu ameinua simu, usimcheke. Anatuma kazi ya wiki nzima.

Waliokosekana 878

Kuna mfano mmoja wa wakimbizi wenzetu ambao unafaa kuujua. Wakimbizi wa Kipalestina huhudumiwa na shirika lao maalumu la Umoja wa Mataifa, UNRWA. Mwezi Oktoba 2009, katika kituo cha afya cha Nuzha mjini Amman, Jordan, shirika hilo lilianza kutumia mfumo wa kompyuta badala ya kadi za karatasi. Wagonjwa waliofuatiliwa kwa karibu walikuwa watu wazima wenye presha.

Mpaka mwisho wa Machi 2012 walikuwa wameandikishwa wagonjwa wa presha 4,130. Kompyuta ilipoulizwa hali yao, ilijibu kwamba 3,119 bado walikuwa katika matibabu. Watu 878, yaani karibu mmoja katika kila watano, hawakuwa wameonwa na mhudumu yeyote kwa miezi 3 iliyopita. Waliobaki walikuwa wamefariki, wamehama, au hawajulikani walipo.

Tazama vizuri namba hiyo ya 878. Kituo kile hakikuwa kibaya. Kingekuwa na kadi za karatasi tu, watu wale 878 wangekuwepo vilevile, ila hakuna ambaye angeweza kuwataja kwa haraka. Kompyuta haikuwatibu, iliwataja tu. Na presha ni ugonjwa ambao kutajwa kunahitajika sana, kwa sababu hauumi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na presha, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Mtu anajisikia mzima, anaacha dawa, anapanda mlima wake wa kila siku, mpaka siku anaanguka na mdomo umekwenda upande.

Kutokana na mifano kama hiyo, programu nyingi za wagonjwa wa muda mrefu sasa zina orodha ya waliochelewa. Ile inayoitwa Simple, iliyoanza kutumika India mwaka 2018, inampa muuguzi majina ya wagonjwa wa presha waliopitisha siku yao ili awapigie simu. Kwetu kupiga simu hakutoshi. Laini zinabadilishwa, simu inauzwa mgao ukipungua, na bibi mwenyewe hana simu. Kwetu orodha ya waliochelewa ina maana moja: mtu avae viatu, aende akapige hodi.

Maswali yaliyotungwa kwa ajili ya watoto

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wauza programu hawalisemi sana. Programu huuliza kile ilichotengenezwa kuuliza. Kazi ya wahudumu wa afya wa jamii katika nchi zetu ilianza kwa watoto na wajawazito, na kwa haki kabisa, kwa sababu ndio waliokuwa wakifa kwa wingi. Uganda ilipopitisha mwaka 2010 mpango wa kutibu malaria, nimonia na kuhara vijijini, ulikuwa wa watoto wa chini ya miaka 5. Programu nyingi za simu zilijengwa juu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo inawezekana VHT akafika nyumbani kwako na simu nzuri, akauliza: kuna mtoto wa chini ya miaka 5? Hakuna. Kuna mjamzito? Hakuna. Chandarua kipo? Choo kipo? Kisha simu ikamwambia amemaliza, na bibi amekaa pale mkekani anamtazama. Hakuna aliyefanya kosa, ila swali halikuwemo.

Siku hiyo usinyamaze kwa heshima. Mwambie: "Ndugu, ndani kuna mzee mwenye presha, na hawezi kutembea. Simu yako ina mahali pa kumwandika?" Kama mahali papo, ataandikwa. Kama hapapo, mwombe amwandike katika daftari na alipeleke jina kwa msimamizi wake katika kituo cha afya. Programu zinarekebishwa, na zinarekebishwa kwa sababu VHT wengi wamerudi na malalamiko yaleyale. Msimamizi akisikia jambo hilo kutoka nyumba moja, analisahau. Akilisikia kutoka nyumba thelathini, anaandika barua.

Tarehe 1 Januari

Muulize mzee wako alizaliwa lini, halafu tazama karatasi ya familia. Katika nyumba nyingi utaona tarehe 1 Januari. Sisi sote tunajua ilivyokuwa. Mlifika mmechoka, mkaulizwa tarehe ya kuzaliwa, mzee akasema alizaliwa wakati wa mavuno mwaka ambao Wabelgiji walikuwa bado wapo, na karani akakadiria mwaka, akaweka Januari.

Kwa daftari, hilo halikuwa na neno. VHT alimwona mzee kwa macho akajua ni mzee. Programu haina macho. Ikiwa imepangwa kuwaweka katika orodha ya wazee wote wa miaka 60 na zaidi, na karani wa zamani alimpunguzia mzee wako miaka minane, basi kwenye simu yeye ni mtu wa miaka 54 mwenye nguvu zake, na jina lake halitokei kamwe.

Raia wa Uganda wameyaona haya kabla yetu. Serikali ina mpango wa fedha za wazee, ambao ulikuwa shilingi 25,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 80 na zaidi. Mpango ule si wa wakimbizi, tunautaja kwa sababu ya funzo lake. Malipo yalifungwa na kitambulisho cha taifa, na ripoti ya haki za binadamu ya mwaka 2021 ilieleza jinsi wazee walivyorudishwa mikono mitupu kwa sababu kitambulisho kilikuwa na mwaka wa kuzaliwa usio sahihi, au hawakuwa nacho, au alama za vidole vilivyolima miaka 70 hazikusomeka tena. Mzee amesimama mbele ya afisa, mvi kichwani, mgongo umepinda, na mashine inasema bado kijana.

Umri ulioandikwa katika usajili haubadilishwi na VHT wala na kituo cha afya. Hilo ni la Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR, na lina utaratibu wake. Lakini kwa huduma ya nyumbani mtu haandikishwi kwa umri peke yake. Anaandikishwa pia kwa ugonjwa, kwa ulemavu, kwa kushindwa kujihudumia. Hakikisha hayo yameandikwa wazi: haoni, hatembei, ana kisukari, anaishi peke yake na mjukuu wa miaka 9. Hapo mwaka wa kuzaliwa ukikosewa, mlango mwingine uko wazi.

Majina nayo yana kesi yake. Mkongomani ana majina matatu na kila ofisi inaanza na lake. Kwenye kadi ya dispensari limeandikwa jina la ubatizo, kwenye karatasi ya familia limetangulia jina la ukoo, na jirani wote wanamwita Mama Fulani. Sikio la mwandishi nalo linachanganya R na L. Binadamu akisoma anaelewa ni mtu mmoja. Programu inaona watu watatu: mmoja ana presha, mmoja ana dawa, mmoja hajawahi kupimwa. Tunakuomba siku ya kuandikishwa umwonyeshe VHT karatasi ya familia na kadi ya hospitali zote mbili, jina lifuatwe herufi kwa herufi lilivyo katika karatasi ya familia, na uombe akusomee alichoandika kabla hajafunga simu. Kama hujui kusoma, mwite mtoto anayejua. Si kumshuku VHT, ni kumsaidia.

Halafu mahali. Mkihama kutoka kiwanja kimoja hadi kingine, au mzee akihamia kwa mtoto wake wa kijiji cha pili, jina linabaki kwa VHT wa zamani. Huyo anakuta nyumba tupu, na yule wa kijiji kipya hana habari. Toa taarifa kwa wote wawili, na kwa mwenyekiti wa kijiji pia.

Nani anaiona?

Swali hili mnaliuliza sana, na ni swali la haki. Daftari alilisoma VHT na labda mume wake. Yaliyo kwenye simu yanasafiri: yanakwenda kwa msimamizi, kituoni, wizarani au katika shirika, na yanalala katika kompyuta ambayo huenda haiko hata Uganda.

Tuanze na uvumi, maana unatembea kuliko boda boda. Orodha ya VHT si orodha ya kupelekwa nchi ya tatu. Kuongeza ugonjwa usiokuwepo hakumsogezi mtu karibu na ndege, kunamletea tu dawa asiyoihitaji. Vilevile si orodha ya kurudishwa nyumbani, wala si orodha ya mgao. Usajili wa wakimbizi una programu yake nyingine, inayosimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR.

Lakini kusema kwamba hakuna hatari kabisa kungekuwa kukudanganya. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika kompyuta zenye taarifa za watu zaidi ya 515,000, wengi wao watu waliotengana na familia zao kwa vita, uhamiaji na maafa. Shirika lile ni kubwa na lenye uangalifu, na bado liliingiliwa. Uganda kwa upande wake ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2019. Inahusu taarifa zinazokusanywa ndani ya nchi, na taarifa za afya ya mtu zimewekwa katika kundi linalohitaji ulinzi wa pekee. Chini ya sheria hiyo unayo haki ya kuelezwa taarifa zinachukuliwa kwa kazi gani, kuomba kuona yaliyoandikwa juu yako, na kudai yasahihishwe.

Basi muulize VHT kabla hajaanza: Taarifa hizi ni za nini? Nani atazisoma? Simu yako ina namba ya siri, na watoto wako wanaichezea? Akijibu vizuri, endelea. Kama kuna jambo ambalo hutaki jirani alijue, kwa mfano ugonjwa wa UKIMWI au ugonjwa wa akili, una haki ya kumwambia: "Hilo nitalisema kituoni kwa muuguzi." Mpime kwa hekima. Ukificha kila kitu hawezi kukusaidia, lakini VHT ni jirani yako pia, na siri ikitoka hairudi. Na mgonjwa mwenyewe aulizwe. Mtu kuwa mzee au kiwete hakumfanyi kuwa mtoto. Kama ana akili timamu, ridhaa ni yake kabla ya kuwa yako.

Kati ya ziara moja na nyingine

Simu haimgeuzi mgonjwa kitandani. Aliyelala siku nzima anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa 2, mchana na usiku kadiri mnavyoweza, na mgongo, makalio na visigino vikaguliwe kila siku. Ngozi ikiwa nyekundu au nyeusi kuliko kawaida na haibadiliki ukiibonyeza, usingoje ziara: kidonda kinaanza. Mwenye kisukari aangaliwe nyayo kila jioni, kwa sababu huenda amekanyaga mwiba asihisi. Mwenye kifafa asilale karibu na jiko, na dawa zake zisikatike hata kama hajaanguka miezi mingi. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi, ikipimwa zaidi ya mara moja, ni ya kupeleka kituoni. Usimkopeshe jirani vidonge vya presha hata kama dalili zinafanana.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea, maneno yakakwama mdomoni, hicho ni kiharusi. Usisubiri VHT, usisubiri simu yake ipate mtandao. Tafuta boda boda, baiskeli, machela ya majirani, chochote, saa ileile.

Ziara inapofika, programu itauliza mambo ambayo VHT hawezi kuyajibu bila wewe: dawa zilikosekana siku ngapi, alikula nini, alianguka mara ngapi, nani alikuwa naye usiku. Weka dawa zote katika kopo moja na kadi zote katika mfuko mmoja wa nailoni. Kila siku dawa ikikosekana, piga mstari mmoja wa mkaa juu ya kopo. Mistari ile ni habari kamili kuliko "anaendelea vizuri", jibu ambalo tunalitoa wote kwa adabu na ambalo halimsaidii mtu.

Mambo ya kungoja kwa subira

Miezi ya kwanza itakuwa mizito. VHT ambaye aliandika daftari kwa dakika tano atakaa nusu saa akitafuta kitufe. Simu zitaisha chaji, kwa kuwa kuchajisha dukani ni pesa, na VHT analipwa kidogo au halipwi. Tangu fedha za wafadhili zilipopungua sana mwaka 2025, wahudumu wamepungua na walio wachache wamebeba nyumba nyingi zaidi. Ukiwa na umeme wa jua nyumbani, kumchajia VHT simu wakati anampima mzee wako ni msaada mkubwa kuliko soda.

Maoni yetu ni kwamba daftari lisitupwe haraka. Kwa muda wa kutosha yaende yote mawili, kisha majina ya daftari yasomwe mbele ya orodha ya simu, moja baada ya jingine, na ikiwezekana mbele ya wanakijiji wachache waaminifu, bila kutaja magonjwa. Ni kazi ya siku moja kwa kijiji. Majina yatakayoonekana kwenye karatasi bila kuonekana kwenye simu ndiyo ya kufuatwa kwanza. Kama kijijini kwako haijafanyika, mwenyekiti anaweza kuiomba katika mkutano na kituo cha afya.

Neno la mwisho ni zito kidogo. Mzee akifariki, katika msiba watu wanakumbuka sanda, kaburi na chakula cha wageni. Hakuna anayekumbuka simu ya VHT. Jina linabaki kwenye orodha, tarehe inapita, linageuka jekundu, na baada ya wiki tatu kijana mgeni katika kazi anapiga hodi kwenye nyumba ya maombolezo kuuliza kwa nini marehemu hakufuata dawa. Mtume mtu mmoja wa familia amwambie VHT siku ileile au ya pili yake. Atalitoa jina, na vidonge vilivyobaki kwenye kopo atavirudisha kituoni.